Akiba Nyuma ya Ukuta: Maji, Upepo na Jua katika Gridi za Afrika Mashariki

Migawo mingi ya umeme iliyotangazwa Tanzania, Kenya au Uganda imeelezwa kwa sababu ileile: mvua hazikunyesha. Sababu hiyo ina ukweli wake. Lakini anayefuatilia kimo cha maji katika mabwawa, mwezi baada ya mwezi, anakuta kwamba mara kadhaa giza liliandaliwa mapema, wakati maji yalikuwepo na yakaachwa yaende. Hoja ya makala haya ni kwamba historia ya umeme katika eneo letu ni historia ya akiba kuliko ilivyo historia ya mitambo. Tumehesabu megawati kwa bidii kubwa, tumezizindua kwa ngoma na hotuba, lakini kanuni za kutunza na kutumia maji yaliyo nyuma ya kuta za mabwawa tumezipa nafasi ndogo. Na sasa ambapo upepo wa Marsabit na jua la Shinyanga vinaingia kwenye gridi, kosa hilo la zamani linaweza kuzipunguzia thamani hata nishati hizi mpya.

Umeme una tabia moja inayoutofautisha na bidhaa nyingine zote: unazalishwa na kutumiwa katika sekunde ileile. Mahitaji yakizidi uzalishaji hata kwa muda mfupi, mitambo yote iliyounganishwa hupungua kasi kwa pamoja, na upungufu ukipita kiasi, vifaa vya kinga hukata njia moja baada ya nyingine hadi gridi nzima izime. Kwa hiyo anayeendesha gridi hana budi kuwa na kitu alichokiweka kando, awe anakiita kuni, dizeli au maji. Wajerumani walipowasha umeme Dar es Salaam mwaka 1908, kwa ajili ya karakana za reli na mitaa waliyokaa wenyewe, suala hilo lilikuwa dogo, kwa sababu mji wenyewe ulikuwa mdogo. Mwaka 1931 kazi hiyo ilikabidhiwa kwa kampuni mbili binafsi, TANESCO na DARESCO, na katika miaka iliyofuata maporomoko ya Mto Pangani yakafungwa mitambo. Pangani ilitumia maji yaliyokuwa yakipita siku hiyo. Mto ukijaa, umeme upo. Mto ukikauka, umeme unapungua. Bwawa la Nyumba ya Mungu, lililojengwa katika miaka ya 1960 juu ya mto huohuo, ndilo lililoleta fikra tofauti: mtambo wake wa megawati 8 ni mdogo sana, lakini maji linayoyazuia huhudumia pia Hale na Pangani huko chini. Thamani ya ukuta ule haionekani kwenye kibao kilichobandikwa mlangoni mwa kituo.

Fikra hiyo ilifika kilele chake kwenye Ruaha Mkuu. Kidatu ilianza kuzalisha mwaka 1975, na baada ya awamu ya pili, mwaka 1980, ikawa na megawati 204, ikiwa kituo kikubwa kuliko vyote nchini kwa miaka mingi. Maji yake huporomoka kimo cha takriban mita 175, na ndiyo maana kila mita ya ujazo ina thamani kubwa pale. Ila bwawa la Kidatu lenyewe ni dogo. Linabeba takriban mita za ujazo milioni 125, ambazo kwa mitambo yote kufanya kazi mfululizo haziwezi kufikisha wiki mbili. Kwa hiyo wahandisi walipanda juu ya mto, mahali ambapo Ruaha Mkuu, Ruaha Mdogo na Kisigo hukutana, wakajenga Mtera. Ukuta ulikamilika mwaka 1980, na kwa miaka minane haukuwa na mtambo wowote. Kazi yake ilikuwa moja tu, kuweka maji ya masika kwa ajili ya kiangazi cha Kidatu. Mitambo miwili ya megawati 40 kila mmoja ilifungwa mwaka 1988. Mtera ikijaa, maji yanasimama mita 698.5 juu ya usawa wa bahari. Yakishuka hadi mita 690, mitambo inatakiwa isimame. Kati ya alama hizo mbili kuna mita nane na nusu za maji, takriban mita za ujazo bilioni 3.2, na kwa muda wa kizazi kizima usalama wa umeme wa Tanzania ulitegemea mita hizo nane na nusu.

Mwaka 1992 zilipungua, na mwaka 1994 zikapungua tena, na nchi ikaingia kwenye mgawo. Mwaka 1993 Ruaha Mkuu ulikauka kabisa ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, jambo ambalo halikuwa la kawaida. Lawama zilielekezwa juu ya mto, kwenye Bonde la Usangu, kwa wakulima wa mpunga waliochimba mifereji na kwa wafugaji waliofika na mifugo yao kutoka mikoa mingine. Hoja ilieleweka haraka na watu wengi wakaikubali: maji yananyweshwa mpunga na ng'ombe, taifa linakaa gizani. Miaka kadhaa baadaye, mwaka 2006, wafugaji wengi waliondolewa Usangu kwa nguvu, na uhaba wa umeme ukiwa miongoni mwa sababu zilizotajwa.

Wanasayansi wa maji hawakuikubali hoja hiyo kirahisi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, watafiti waliofanya kazi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliuweka mfumo mzima wa Mtera na Kidatu kwenye kompyuta, wakahesabu maji yaliyoingia, yaliyopita kwenye mitambo, yaliyopaa kwa jua na yaliyobaki. Walichokuta kinastahili kusomwa polepole. Maji ya kiangazi kutoka Usangu yalikuwa yamepungua kweli, hasa baada ya katikati ya miaka ya 1980. Lakini maji ya kiangazi ni sehemu ndogo sana ya yale yanayoijaza Mtera. Bwawa hujazwa na mafuriko ya masika, ambayo mkulima wa mpunga hana uwezo wa kuyamaliza. Hesabu haikufunga mahali pengine: kulikuwa na maji yaliyotoka Mtera bila kuelezeka kwa uzalishaji uliorekodiwa. Tena, kati ya Mtera na Kidatu kuna mito midogo inayoingiza maji mengi wakati wa mvua, kiasi kwamba Kidatu ingeweza kujihudumia kwa sehemu kubwa bila kuifungulia Mtera. Mahali hapo ndipo siri ya uendeshaji ilipo. Mwendeshaji mwenye subira hutumia kwanza maji yasiyohifadhika, yale ya mito ya katikati ambayo yasipotumika leo yanaishia baharini, na huacha mlango wa Mtera umefungwa. Mwenye haraka hufungua vyote kwa sababu maji yapo.

Atatokea mtu aseme kwamba utafiti huo unawaosha wakulima na kumbebesha mzigo fundi wa chumba cha udhibiti, aliyekuwa akishinikizwa awashe taa za nchi nzima kwa mitambo michache. Sioni hivyo. Fundi hakuwa na nafasi ya kusubiri, kwa sababu hakuwa na chanzo kingine chenye uzito. Karibu umeme wote wa gridi ulitoka kwenye maji. Akifunga Mtera usiku, anazima mji. Kosa lilikuwa juu yake, katika mpango ulioongeza wateja na viwanda bila kuongeza kitu cha kumpa bwawa pumziko. Na kwa upande wa Usangu, mpunga na mifereji vina madhara yake halisi kwa mto na kwa viboko wa hifadhi, wala sina haja ya kuyapunguza. Ninachokataa ni kuwatoza wakulima deni la umeme ambalo vitabu vya maji havionyeshi kwamba walilikopa.

Gharama ya hesabu hizo mbovu haikuishia kwenye giza. Hofu ya mwaka 1994 ilizaa mkataba wa IPTL wa mwaka 1995, wa megawati 100 za mafuta mazito pale Tegeta, mtambo ambao kwa sababu ya migogoro haukuanza biashara hadi mwaka 2002, na ambao taifa lililipia gharama za uwekezaji wake hata pale ulipokuwa hauhitajiki. Mwaka 2006 Mtera ilishuka chini ya alama ya mita 690. Haraka ya msimu huo ikaleta mkataba wa Richmond, megawati nyingine 100 za dharura, na mwaka 2008, baada ya ripoti ya kamati teule ya Bunge iliyoongozwa na Harrison Mwakyembe, Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu. Mengi yameandikwa juu ya siasa za mikataba ile. Kilichoandikwa kidogo ni kwamba yote miwili ilisainiwa bwawa likiwa tupu, na mnunuzi ambaye akiba yake imekwisha hana nguvu ya kujadiliana bei.

Upande wa kaskazini mambo yalijirudia katika ziwa badala ya bwawa. Kituo cha Owen Falls pale Jinja kilifunguliwa mwaka 1954, na kuanzia mwaka 1958 umeme wake ulisafirishwa hadi Nairobi. Ukuta wake uliligeuza Ziwa Viktoria kuwa hifadhi kubwa ajabu, na kwa kuwa maji hayo huenda hadi Misri, Waingereza na Misri waliafikiana juu ya jedwali maalumu: ziwa likiwa katika kimo fulani, maji yatakayotoka yawe sawa na yale ambayo mto wenyewe ungetoa kabla ya ukuta kujengwa. Kwa nusu karne jedwali hilo liliheshimiwa kwa kiasi kikubwa. Kisha mwaka 2000 kituo cha Kiira kikaanza kazi kando ya kile cha zamani. Mitambo iliongezeka, maji hayakuongezeka. Uganda ilikuwa na kiu ya umeme, na kati ya mwaka 2003 na 2006 ziwa likashuka kwa zaidi ya mita moja. Mtaalamu wa maji Daniel Kull, katika ripoti yake ya mwaka 2006, alikadiria kwamba zaidi ya nusu ya kushuka kwa miaka ya 2004 na 2005 kulitokana na kufungulia maji kupita jedwali, na kilichobaki ndicho cha ukame. Miji ya Mwanza na Kisumu iliona maji yakisogea mbali na gati zake. Hatimaye Uganda ililazimika kupunguza maji, ikakodi mitambo ya dizeli, na kuanza mgawo mkali. Bujagali, iliyokamilika mwaka 2012 na megawati zake 250, ilikuwa jibu la busara zaidi: iko chini ya vituo vile viwili, na inayatumia upya maji yaleyale yaliyokwisha kuzungusha mitambo ya Jinja.

Kenya nayo ilionja adhabu hiyo mwaka 1999 na 2000, mabwawa ya Mto Tana yalipokauka na nchi ikagawiwa umeme kwa saa. Masinga, iliyokamilika mwaka 1981, ndiyo Mtera yao: mtambo wake wa megawati 40 ni mdogo, lakini maji yake, takriban mita za ujazo bilioni moja na nusu, hupita baadaye Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Hata hivyo Kenya ilikuwa na kitu ambacho Tanzania haikuwa nacho. Mwaka huohuo wa 1981, mtambo wa kwanza wa mvuke wa ardhini ulianza kazi Olkaria. Jotoardhi haijui kiangazi wala masika. Leo inatoa karibu nusu ya umeme wa Kenya, na kila uniti yake inayotumika mchana ni maji yaliyobaki Masinga. Mwaka 2018 zikaongezeka megawati 310 za upepo wa Ziwa Turkana, minara 365 kwenye jangwa la Loiyangalani, Marsabit. Minara ilikuwa tayari mwaka mmoja na zaidi kabla ya njia ya kusafirisha umeme kufika Suswa, na mlipa kodi akalipia upepo uliokuwa ukipita bure. Na mpaka sasa, usiku wa manane watu wanapolala, upepo wa Turkana ukiwa na nguvu, mvuke wa Olkaria huachiwa hewani kwa sababu hakuna anayeutaka. Hiyo ni akiba inayomwagwa, sawasawa na yale maji ya Mtera yaliyotoka bila kuelezeka.

Nchi iliyokwisha kulitatua jambo hili haikufanya muujiza. Denmark ilianza kuunganishwa na Norwe kwa nyaya za chini ya bahari mwaka 1976 na 1977. Upepo wa Denmark ukivuma, Norwe hununua umeme huo na kufunga milango ya mabwawa yake. Upepo ukitulia, hufungua na kuwauzia Wadenmark. Maji hayapandishwi mlimani kwa pampu. Yanazuiwa tu yasishuke. Bwawa la kawaida, lililojengwa zamani, linahifadhi upepo bila kubadilishwa hata tofali moja.

Tujaribu hesabu hiyo kwetu. Mita moja ya ujazo ikipita Mtera hutoa takriban robo ya uniti, na ikipita Kidatu hutoa takriban uniti 0.4, jumla karibu uniti 0.65. Mradi wa jua wa Kishapu mkoani Shinyanga una awamu ya kwanza ya megawati 50. Kwa jua la kule, mitambo ya namna hiyo huweza kutoa uniti milioni 85 hivi kwa mwaka. Zigawanye kwa 0.65 na utapata zaidi ya mita za ujazo milioni 130 za maji ambayo hayana haja ya kutoka Mtera, yaani zaidi ya ujazo wa bwawa zima la Kidatu, kila mwaka, kutoka kwenye mradi ambao wengi wanauona mdogo. Jua linalosemwa kuwa halina faida kwa sababu huzama saa kumi na mbili jioni, limekwisha kuiacha faida yake ndani ya bwawa, na bwawa halilali.

Wapo wanaosema kwamba mjadala huu umepitwa na wakati kwa kuwa betri zinashuka bei. Betri zina kazi yake, tena kubwa. Tarehe 25 Agosti 2023 gridi ya Kenya ilipoanguka na sehemu kubwa ya nchi kukaa gizani kwa saa nyingi, serikali ilinyooshea kidole mitambo ya upepo ya Turkana kujitoa ghafla, nao wenye mitambo wakasema gridi yenyewe ndiyo iliyopandisha msongo na kuwalazimisha kujitoa. Vyovyote ilivyokuwa, betri inayoitikia chini ya sekunde moja ingewapa mafundi nafasi ya kupumua. Lakini tofauti ya ukubwa isisahauliwe. Betri ya Hornsdale huko Australia, iliyotikisa dunia mwaka 2017, ilikuwa na uwezo wa kuhifadhi uniti 129,000. Mtera iliyojaa, kwa hesabu ya hapo juu, inabeba uniti zipatazo bilioni 2, zaidi ya mara 15,000. Betri ni ya sekunde na ya saa za jioni. Ya kuvusha nchi kutoka Mei hadi Novemba bado ni maji.

Pingamizi zito zaidi ni la jua lenyewe. Mtera ni pana na ya kina kifupi. Ikijaa inatanda zaidi ya kilomita za mraba 600, na katika joto la Dodoma na Iringa maji mengi hupaa kila siku. Kuyaweka humo, mtu atauliza, si kulilisha anga? Jibu ni kwamba kanuni bora haihifadhi kila mahali kwa usawa. Bwawa pana litumiwe mapema, lenye kina lifungwe, na hiyo inawezekana tu pale mabwawa yote yanapoendeshwa kwa mpango mmoja. Mbali na hilo wako watu wa chini ya mto. Bwawa likifungwa mchana na kufunguliwa jioni, mto hupanda na kushuka kila siku, na mvuvi, mkulima wa mabondeni na samaki wote huathirika. Hapa sina jibu la kumridhisha kila mtu. Lazima kuwe na kiwango cha chini cha maji ambacho hakiguswi, na mwendo wa kufungua usiozidi kipimo, hata kama uniti kadhaa zitapotea.

Yote haya yamekuwa ya dharura zaidi tangu Bwawa la Julius Nyerere, kwenye Mto Rufiji, lianze kujazwa Desemba 2022. Mitambo tisa ya megawati 235, jumla 2,115, na ziwa lenye zaidi ya mita za ujazo bilioni 30, takriban mara kumi ya Mtera. Mtambo wa kwanza uliwashwa mapema mwaka 2024, na wiki chache baadaye vituo vitano vya maji vikazimwa kwa sababu umeme ulizidi mahitaji. Habari hiyo ilipokewa kwa shangwe na wengine na kama kichekesho na wengine. Lililopaswa kuulizwa ni jingine: je, mabwawa ya vituo vilivyozimwa yalikuwa na nafasi? Kituo chenye nafasi kikizimwa, maji yake ni ya kesho. Kituo kama Hale, kisicho na bwawa kubwa la kwake, au kile ambacho bwawa lake limejaa kwa mvua za masika, kikizimwa maji yanapita bure. Masika hayohayo Rufiji ilifurika, mashamba na nyumba zikazama, na swali la nani aliamua kiasi cha maji ya kufunguliwa na kwa kanuni gani likawa la maisha ya watu. Bwawa lililojazwa hadi ukingoni kwa ajili ya umeme halina mahali pa kupokea furiko. Akiba ya maji na akiba ya nafasi tupu hushindania ukuta mmoja, na mvutano huo unahitaji kanuni iliyoandikwa, ijulikane kwa watu wa Utete na Ikwiriri, huko chini ya mto, kabla ya mvua kuanza.

Wapo wanaosema kwamba kwa megawati 2,115 za Rufiji, Tanzania haina tena haja ya Kishapu wala ya upepo wa Singida. Mwaka 2025 serikali yenyewe ilionyesha udhaifu wa hoja hiyo ilipotangaza nia ya kununua umeme wa Ethiopia kupitia Kenya kwa ajili ya mikoa ya kaskazini, kwa sababu umeme kutoka Rufiji hupungua njiani kabla ya kufika Kilimanjaro na Arusha. Tangazo lilizua hasira, lakini kiufundi lina mantiki, na jua la Shinyanga lina mantiki hiyohiyo, kwa kuwa liko karibu na migodi na miji ya Kanda ya Ziwa. Njia ya kilovolti 400 kutoka Isinya hadi Singida, iliyowashwa mwishoni mwa mwaka 2024, sasa inaweza kufanya kati ya Turkana, Olkaria na Rufiji kile ambacho nyaya za bahari zimefanya kati ya Denmark na Norwe kwa karibu miaka hamsini: mvuke unaomwagwa hewani usiku wa manane upelekwe kusini, Rufiji ifunge mtambo mmoja kwa saa hizo, na jioni ya kesho yake irudishe. Nguzo zimesimama na nyaya zimevutwa. Unaohitajika ni mkataba wa bei kwa saa, badala ya bei moja ya mchana na usiku, pamoja na takwimu za kimo cha Mtera, Masinga na Rufiji zinazotolewa hadharani kila asubuhi, ili atakayekuja kulaumu mvua aulizwe kwanza maji yalikuwa mita ngapi mwezi Mei.